Milima ya Mwanza haijaua auto yoyote!

Wadau, leo nimeamka na hasira, mnivumilie.

Baba mdogo ana Toyota Mark II, GX81 ya mwaka 1990. Gari la siku nyingi, bodi bado imesimama, na ile injini ya silinda sita ukiisikia utadhani imetoka bandarini jana. Ni auto. Au tuseme ilikuwa auto. Mwaka jana ilianza kuchelewa kushika gia mlima wa Bugando, tukaipeleka gereji moja hapa mjini (jina naliacha). Fundi hata dipstiki ya gia boksi hakuichomoa. "Mzee, auto haiwezi milima ya Mwanza. Tuitoe tufunge manual."

Uongo mtupu! Kinachoua auto ni mafuta. Yale mekundu, chupani yameandikwa ATF, ndiyo yanayopokea nguvu ya injini, yanabana klachi za ndani na kuzipooza. Yakipungua au yakiungua, gia zinateleza. Sisi tunamimina oili ya injini. Au gari limezimika Usagara, tunaliburuta kwa kamba hadi mjini magurudumu ya nyuma yakizunguka, wakati pampu ya mafuta inategemea injini iwe inawaka. Halafu lawama kwa mlima! Wamarekani walianza kuuziwa Oldsmobile za auto tangu zile za mwaka 1940, na milima wanayo.

Nakubali, manual ina raha yake. Betri ikifa mnasukuma, linawaka. Anayetaka kubadilisha abadilishe, ila ajue si suala la kutoa boksi hili na kuweka lile. Kuna flaiwili, kuna beringi ndogo ya mwisho wa krenki, pedeli ya klachi na masta silinda yake, mahali pa kushikia boksi, urefu wa propela shafti. Na kuna nyaya, ambazo mafundi wetu wanaziruka.

Auto haipigi stata mpaka mkono uwe P au N. Ipo swichi inayozuia. Fundi wetu alichukua nyaya mbili za swichi ile, akazisokota pamoja, akazungushia selotepu nyeusi, kwisha kazi. Taa za rivasi nazo hakuziunga.

Wiki tatu baadaye gari liko uani, Bugarika, baba mdogo kaliacha kwenye gia ya kwanza. Mwanawe wa miaka tisa akaingia, anataka redio. Akageuza ufunguo hadi mwisho. Gari likaruka, likaenda kugonga jiwe lililo mbele ya mlango wa jiko. Jiwe hilo ndilo mama mdogo anaanikia dagaa. Alikuwa amenyanyuka muda huo huo kufuata ungo.

Nikarudi gereji. Fundi akacheka: "Dogo, mtoto anafuata nini kwenye gari?" Nikamwambia afunge swichi. Akataka hela nyingine! Yaani kwa kazi aliyoiacha mwenyewe katikati, na baba mdogo alishamlipa yote.

Jumapili nikaifunga mwenyewe. Swichi ya taa ya breki nimeitoa kwenye gari bovu, nikaiweka kwenye pedeli ya klachi, na rilei moja. Usipokanyaga klachi, stata kimya. Jua lilikuwa halijazama.