Machozi Si Aibu



Mwaka jana niliandika jina la kaka yangu katika kitabu cha marehemu cha parokia. Mkono haukutetemeka. Wazee wa hapa Kolandoto wakanisifu: "Huyu ni mwanamume hasa." Lakini usiku usingizi ulinikimbia. Tena nyumba ya mjane wake niliipita mbali, maana niliogopa nikiwaona watoto nitalia.

Baada ya miezi mitano nikaingia katika banda la video. Ilionyeshwa Neria, sinema ya Zimbabwe ya mwanzo wa miaka ya 1990. Mume wa Neria anagongwa barabarani akiwa juu ya baiskeli, anakufa. Kisha shemeji anakuja kunyang'anya mali na watoto. Mume yule alipokufa, machozi yakanitoka nisiweze kuyazuia. Vijana wakacheka. Lakini usiku ule nililala mpaka alfajiri.

Je, nilimlilia mtu wa sinema? Sivyo. Nilimlilia kaka yangu, ila nilikuwa sijapata nafasi.

Mtakatifu Augustino aliyajua haya. Mwaka 387, mama yake Monika alipofariki huko Ostia, Italia, alijikaza asilie hata mazikoni. Baadaye, peke yake kitandani, akayaachia machozi, na moyo ukapumzika. Na Bwana wetu mwenyewe alimlilia Lazaro, ingawa alijua atamfufua. Basi nani aone haya?

Lakini Augustino huyo huyo, aliyependa michezo ya kuliza alipokuwa kijana huko Karthago, alijilaumu baadaye. Alisema kwamba mtazamaji huitwa kuhuzunika tu, haitwi kusaidia. Hapo ndipo penye hatari. Mtu aweza kumlilia Neria Jumapili, na Jumatatu akaswaga ng'ombe wa mjane wa ndugu yake.

Mimi asubuhi ile nilikwenda kwa shemeji yangu. Tukalia pamoja. Kisha tukahesabu madebe ya mahindi yaliyobaki, tukaona hayafiki mavuno. Kumbe miezi mitano nililinda sifa yangu ya uanaume, na watoto wa kaka wanapunguziwa chakula!

Ndugu msomaji, sinema ikikuliza, usijifiche. Futa uso, kisha ujiulize: ni mlango wa nani ninaoupita mbali?