Hodi Irudishiwe Heshima Yake

Asafiriye kwa chombo kutoka Nyamisati kwenda Mbwera au Salale hupishana na mitumbwi mingi katika mito ya delta, na ada ya huko ni kwamba wanaopishana husalimiana hata kama hawajuani. Wageni wengi hudhani hayo ni maneno ya kupoteza wakati. Sivyo hata kidogo. Katika nchi ya mikoko na matope, ambako chombo huweza kukwama maji yakipwa, uliyemsalimu ndiye atakayesema kwamba alikuona, wapi, na saa ngapi.

Hodi nayo ina kazi yake. Sisi tuliopitia chuoni kwa mwalimu wa Kurani tulifundishwa kubisha mara tatu, na tusipoitikiwa, tuondoke. Mgeni husimama nje, hujitaja, hungoja. Mwenye mji naye hupata nafasi ya kumjua kabla ya kumkaribisha.

Ada hiyo ilijeruhiwa vibaya mwaka 2016 na 2017. Katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga waliuawa viongozi wa vijiji na vitongoji, makada wa Chama na raia wengine. Na tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa Mkengeni, Kibiti. Hodi ya baada ya magharibi ikawa kitisho. Watu walifunga milango mapema na mgeni akatazamwa kwa shaka. Hatuwalaumu: anayehofia roho yake hana wasaa wa kusema karibu.

Lakini wakati wa hofu huota pia tabia nyingine, nayo hatuna budi kuisema waziwazi. Wapo watumishi wa umma wanaoingia miji ya watu bila hodi, wakauliza kwa ukali, na kumwita mzee wa miaka 70 "wewe". Kijana mwenye cheo husahau kwamba shikamoo hufuata umri, haifuati ofisi. Huo ni ubwana ule ule uliopigwa vita na TANU ilipotuzoeza kuitana ndugu. Tena ni hasara kwa usalama wenyewe, maana mzee aliyefedheheshwa mbele ya wajukuu zake hatasema ni chombo gani alichokiona mtoni usiku. Atajibu "sijui", na hakuna amri itakayomfungua kinywa.

Liko pia suala zito zaidi. Wakati ule zilikuwapo familia zilizosema kwamba jamaa zao wametoweka. Mama anayekwenda ofisini kuuliza habari za mwanawe hakuenda kuomba hisani. Apewe kiti, asikilizwe mpaka amalize, aambiwe lililojulikana, na kama hakuna lililojulikana aambiwe hivyo na mtu aliyemtazama usoni. Neno "njoo kesho" amekwisha kulisikia vya kutosha.