Tangi la maji nyumbani: Tohara peke yake haitoshi



Masika yanakaribia. Hapa Dakawa kila mtu anahangaikia shamba lake la mpunga, huyu anatafuta mbegu, yule anatafuta trekta. Ni nani kati yetu anayeliandaa tangi la maji la nyumbani kwake? Wengi tunangoja mvua ianze, tunaelekeza mfereji wa bati kwenye tangi, tunasema Alhamdulillah, maji yamepatikana. Yamepatikana kweli, lakini yameingia juu ya tope la mwaka mzima.

Siku chache zilizopita nilifika kwa ndugu yetu mmoja. Mfuniko wa tangi lake la lita 1,000 ulikuwa umepasuka, na ndani anaelea mjusi aliyekufa. Nilipomwonyesha akanijibu, “Ustadhi, maji haya yamepita qullatayn, wala hayajabadilika rangi, ladha wala harufu. Ni tohara.”

Alisema kweli. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, maji yaliyofikia qullatayn, yaani takriban lita 200, hayanajisiki mpaka moja ya sifa hizo tatu ibadilike. Atatawadha, na swala yake itasihi. Tatizo ni kwamba watoto wake walikuwa wanayanywa maji yale yale!

Hapo ndipo tunapokosea. Fiqhi imetujibu kuwa maji yanafaa kwa ibada, haikutuambia kuwa hayana vimelea vya maradhi. Vimelea vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havionekani kwa macho, wala havibadilishi ladha ya maji. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulifika hadi mkoani kwetu Morogoro. Na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kufunika vyombo vyetu. Tangi nalo si chombo?

Basi fanya kazi hii sasa, maji yakiwa yamepungua, usije ukamwaga neema. Toa maji yaliyobaki na tope lote, kisha sugua kuta kwa brashi na sabuni. Usiishie kumwaga tu. Mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyosumbua sana Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hutaga mayai ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, na maji yakiyafikia yanaanguliwa. Anayejaza tangi bila kusugua anafuga mbu kwa maji yake mwenyewe.

Ukishasuuza, jaza maji safi, weka klorini ya maji ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato. Ile yenye nguvu ya asilimia 3.5, lita moja na nusu inatosha tangi la lita 1,000. Iache saa 24, fungua mabomba yote, mwaga, suuza tena. Maji hayo yenye dawa hayanywewi. Na hata baada ya hapo, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji kwa kufuata maelezo ya pakiti.

Bado bati. Miezi yote ya kiangazi limepokea vumbi la barabara ya Dodoma na kinyesi cha ndege. Safisha mfereji, na mvua ya mwanzo iache imwagike chini. Najua inauma kuyaona maji yakipotea baada ya ukame, lakini yale ni maji ya kuoshea bati. Kisha funika tangi vizuri, na bomba la kufurikia lizibe kwa wavu.

Jambo jingine linalonikera ni madumu ya dawa ya magugu kutoka mashambani. Watu wanayasuuza na kutekea maji. Dumu hilo hata ulioshe mara saba si chombo cha maji, liharibiwe.

Mwenye tangi la saruji lililochimbwa ardhini asimtume mtoto kuingia kulisafisha, hasa likiwa limewekwa klorini, kwani hewa ya mle ndani inaweza kumwangusha. Aingie mtu mzima baada ya mfuniko kukaa wazi muda mrefu, na mwenziwe asimame juu akimwangalia. Klorini hiyo isichanganywe kabisa na dawa ya kusafishia choo, kwa sababu hutoa hewa ya sumu.