Pumzi ya uwanjani haitoshi baharini

Kijana wa Michenzani anayepanda na kushuka wingi ya kulia dakika 90 akiona watu wanateleza na ubao kwenye mawimbi husema: hii kazi ndogo. Anajidanganya.

Juu ya ubao, mgeni hutumia muda mwingi amelala kifudifudi akisukuma maji kwa mikono. Mapaja ya mpira hapo hayamsaidii sana, yanayowaka moto ni mabega, shingo na mgongo. Wiki kadhaa za pushapu, na zoezi la kuinuka ghafla kutoka kifudifudi hadi kusimama, zitamfaa kuliko kuzunguka uwanja.

Lakini kubwa ni kuogelea. Kisiwani hapa wapo mastaa wa mchangani wasioweza hata kuelea! Wale watoto wanaojirusha majini Forodhani kila jioni wako mbele yao. Kule kaskazini, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa na stara zao. Straika aone aibu ya nini?

Halafu kuna kichwa. Wimbi likikuangusha hakuna refa wa kupuliza filimbi. Anayepaparika anamaliza pumzi haraka. Anayetulia na kukinga kichwa kwa mikono huibuka, akauvuta ubao uliofungwa mguuni. Utulivu huo unafanyiwa mazoezi kwenye maji ya kifuani, mwalimu akiwa karibu, si nje ya mwamba ambako bahari ya Paje inavunjikia.

Asiyeweza kuelea dakika tano bila ubao, hela ya kukodi ubao ibaki mfukoni kwanza.