Fahali Ameshinda kwa Sababu Gani?

Nilitoka Dar es Salaam alfajiri kwa garimoshi, maana jina hilo halijapata mrithi ingawa moshi wenyewe umekwisha na gari sasa linakwenda kwa umeme, nikafika Dodoma jua halijapata ukali. Upepo wa mwezi wa Agosti, ule upepo mkavu wa Ugogo unaobeba vumbi na kulipenyeza hata ndani ya saa ya mkononi, ukanipokea kwa baridi ambayo sisi watu wa pwani hatujajua kuivalia. Safari yangu ilikuwa ya maonyesho ya Nane Nane, nami nilikuwa nimenuia, tangu siku nyingi, kuitumia siku nzima kwa mifugo peke yake.

Viwanja vya Nzuguni, vilivyo mashariki ya mji upande wa njia iendayo Morogoro, nilivijua zamani vikiwa mbali na makazi ya watu. Leo mji umevifikia na kuvizunguka kwa nyumba, navyo vyenyewe havikukaa kuungojea, bali vimejinyoosha huku na huko, pakazuka mabanda ya matofali mahali palipokuwa na maturubali, na njia za lami mahali palipokuwa na miiba. Nilipita benki, nikapita bima, nikapita makampuni ya simu na idara ambazo hazikuwa na hata kuku mmoja wa kutazamwa, kabla sijasikia mlio wa kwanza wa ng'ombe. Wazee watakumbuka kwamba sikukuu ya wakulima ilikuwa Saba Saba, siku ile ile kilipozaliwa chama cha TANU mwaka 1954, hata miaka ya 1990 ilipoingia biashara ikajitwalia Julai 7, na mkulima na mfugaji wakahamishiwa Agosti 8. Na mwenye kutembea Nzuguni sasa hawezi kujizuia kutabasamu aonapo kwamba biashara haikuridhika na nyumba iliyoachiwa, ikamfuata mkulima hata katika ile aliyohamia.

Walakini sikwenda kulalamika, na nilipofika penye harufu ya samadi na majani makavu niliyasahau mabanda yote. Palikuwa na mbuzi wa maziwa weupe kama kanzu za Idi, na kondoo wa Dorper wenye vichwa vyeusi, na mtamba mmoja wa Friesian aliyetazama umati kwa dharau ya bibi harusi. Aliyenisimamisha, hata hivyo, alikuwa fahali wa Mpwapwa, mwekundu, mwenye nundu iliyosimama, ambaye nasaba yake inastahili kuelezwa kwa kirefu. Mpwapwa pana kituo cha mifugo tangu zama za Wajerumani, mwaka 1905, na baadaye chini ya Waingereza wataalamu wakaishika kazi ya miaka mingi ya kuchanganya damu: wakatwaa Sahiwal na Sindhi Mwekundu wa Bara Hindi, wakawatia zebu wetu wa kienyeji na Boran, na kiasi kidogo cha Ayrshire wa Uskochi, ili apatikane mnyama atakayekamuliwa zaidi ya zebu bila ya kushindwa na ukame na kupe wa nyanda za kati. Mtu wa pwani hawezi kuisikia habari hiyo bila ya kufurahi moyoni, kwamba bahari ile ile iliyotuletea bafta na biriani ndiyo iliyomletea Mgogo mababu wa ng'ombe wake.

Si mbali na hapo alisimama Boran, aina inayofugwa Kongwa, ambako mwaka 1947 Waingereza walifika na matrekta kupanda karanga kwa maelfu ya ekari, mvua ikawahini na ardhi ikawagomea, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kula mamilioni ya pauni. Nyasi ambazo watu wa karanga waliziona uchafu wa kufyekwa ndizo zilizokuja kulisha ranchi.

Sasa nilifikie neno lililonitoa nyumbani. Miaka kadhaa iliyopita, katika maonyesho ya mji ambao sitautaja kwa kuwa kosa lake ni la wengi, nilishuhudia mafahali sita wakishindanishwa. Waamuzi wawili wakawazunguka na karatasi zao, wakawapapasa migongo, wakatazama kwato, wakanong'onezana. Kisha utepe ukafungwa shingoni mwa mmoja, kikombe kikatolewa, ngoma ikapigwa, na waamuzi wakaondoka kwenda kula. Mfugaji mmoja aliyemswaga fahali wake mwendo wa siku mbili kwa miguu akanigeukia mimi, ambaye ng'ombe nimemjua zaidi sahanini kuliko zizini, akaniuliza: "Bwana, wangu amekosa nini?" Sikuwa na jawabu. Akarudi kwao na mnyama wake, asijue kama kilichomponza ni miguu ya nyuma, au mgongo, au bahati, na kwa hiyo asijue mwaka ujao ampandishe nani kwa nani.

Kadhi akihukumu bila ya kutaja hoja, watu hunung'unika hata kama hukumu yenyewe ni ya insafu. Basi kwa nini tuikubali kwa ng'ombe, ilhali faida yote ya kushindanisha mifugo imo ndani ya hoja, na kikombe si kitu ila bati lililong'arishwa? Marekani, vijana wa vyama vya 4-H hufundishwa sanaa hii tangu utotoni: huwekewa wanyama wanne, huwapanga wa kwanza hadi wa nne, kisha kila kijana husimama peke yake mbele ya mwamuzi, akatetea kwa mdomo, kwa dakika zisizozidi mbili, kwa nini huyu amemtangulia yule na huyu amekosa nini. Mshindi anaweza kuwa aliyepanga sawa na wenzake lakini akajua kueleza. Hapa kwetu sanaa hii haihitaji hata kuagizwa ng'ambo, kwa kuwa imo mnadani: nenda Msalato ukamwone mnunuzi akimfungua ng'ombe kinywa, akimhesabu meno, akimbonyeza paja, akitangaza kila aibu aliyoiona ili ateremshe bei, na mwenye mali akijibu aibu kwa sifa, watu wamesimama wanasikiliza na kujifunza bila ya kulipa kiingilio.

Na pasipo hoja kama hizo, kupanuka kwa uwanja hakuokoi maonyesho. Maonyesho ya kifalme ya kilimo ya Uingereza yalianza Oxford mwaka 1839, yakahamahama mji kwa mji kwa zaidi ya miaka 100, hata mwaka 1963 yakapewa makao ya kudumu Stoneleigh, yenye nafasi ya kila kitu; na mwaka 2009 yakafanyika kwa mara ya mwisho. Sisemi kwamba makao ndiyo yaliyoyaua, kwani zilikuwapo sababu nyingi, maradhi ya mifugo yakiwa miongoni mwake. Nasema tu kwamba ardhi haikuyafaa kitu siku ilipowadia.

Rai yangu, kwa hiyo, kwa wale wanaopima na kuongeza ekari za viwanja vyetu, ni kwamba katika kila nyongeza watenge kwanza ulingo wa mifugo wenye kivuli na vikalio na mizani, ambapo uzito wa mnyama utasomwa mbele ya watu, na mwamuzi atalazimika, kabla ya kufunga utepe, kushika kipaza sauti na kueleza hukumu yake kwa Kiswahili cha zizini, na akiulizwa ajibu. Nitaambiwa kwamba ratiba hairuhusu. Mgeni rasmi hungojwa kwa saa tatu na hakuna anayenung'unika. Fahali hakosi kustahili dakika tatu.

Alasiri ile, Nzuguni, niliona kwamba jambo hili halihitaji hata jengo. Mzee mmoja mwenye mgolole begani na fimbo mkononi alisimama kitambo mbele ya yule fahali wa Mpwapwa, kisha akamwuliza kijana aliyemtunza: "Mwanangu, huyu hunywa mara ngapi?"

"Kila siku, babu, asubuhi na jioni."

"Na kwetu, ambako kiangazi ng'ombe hunywa leo, kesho akalala na kiu?"

Kijana hakukimbilia kumsifu mnyama wake. Alichuchumaa, akachora vumbini kwa kijiti, akasema kwamba huyu mwenyewe atakonda, lakini akipandishwa kwa mitamba wa kienyeji wa mzee, ndama watakaozaliwa watakuwa na ustahimilivu wa mama zao na maziwa kidogo ya baba. Akaonyesha kwa mkono nundu, kifua, na namna miguu ya nyuma ilivyokaa wima, na kwa nini ng'ombe atembeaye mbali kufuata maji huitaka miguu ya namna hiyo. Mwanamke mmoja akauliza kiwele cha mabinti wa fahali huyu kikoje. Mwingine akauliza kupe. Nilipohesabu, watu walikuwa wamefika kama 40, wamebanana mahali pasipozidi upana wa majamvi mawili, na waliokuwa nyuma wakiwaomba wa mbele warudie kilichosemwa.

Nilitazama saa, nikaitia vumbi zaidi kwa kuifuta, nikaona kwamba nisipotoka mara moja garimoshi litaniacha. Nilipogeuka kutazama kwa mara ya mwisho, duara halikuwa limevunjika. Mzee alikuwa amekwishaingia ndani ya kamba, fimbo amempa mtu amshikie, na kiganja chake kilikuwa kikipita taratibu ubavuni mwa fahali, ubavu baada ya ubavu.