Homa ya papasi isifichwe na malaria

Homa ya papasi ni ugonjwa wa zamani katika njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji. Robert Koch aliuchunguza mwaka 1905 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, akaonyesha kuwa huenezwa na papasi, kupe laini aishiye kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo. Mwaka huohuo, Joseph Dutton alikufa kwa homa hiyo huko Kongo akiitafiti. Bakteria wa homa hiyo, Borrelia duttonii, ana jina la Dutton.

Papasi hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi na kurudi mafichoni. Anaweza kukaa miaka bila chakula, na jike hurithisha vimelea kupitia mayai. 

Homa ya papasi hupanda, hushuka na kurudi, hivyo hudhaniwa kuwa malaria. Kipimo cha haraka cha malaria hakiioni. Hadubini huionyesha katika damu. Dawa za antibiotiki huitibu, lakini ikichelewa kutibiwa huweza kuharibu mimba na kuua watoto wachanga.

Zahanati za vijijini zipewe hadubini na wataalamu wa maabara. Nyumba nazo ziboreshwe: sakafu ngumu, kuta zilizopigwa lipu na vitanda vilivyoinuliwa humnyima papasi maficho.