Mcheza Kwao Hutunzwa

Mwaka 1953 magari yaliposhindana kwa mara ya kwanza katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, shabaha iliyotangazwa ilikuwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Wananchi walioilima ardhi hiyo na kuzichimba barabara hizo walikuwa, wengi wao, kando ya njia. Walitazama vumbi likipita, na gari lilipokwama topeni ndio walioitwa kulisukuma.

Hata hivyo, si kila kitu kilichozaliwa katika sherehe ya mkoloni hubaki mali ya mkoloni. Mwaka 1960 jina la kutawazwa liliondolewa, yakawa Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Yakafanyika kwa miaka mingi wakati wa Pasaka, masika yanapopamba moto, na nchi yenyewe ikawa mwamuzi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakarudi 7 vilevile. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, mkazi wa Kenya, akiendesha Peugeot 404.

Jambo la kuzingatiwa ni hili: tangu 1953 hadi 1971 hakuna dereva hata mmoja kutoka ng'ambo aliyeibuka mshindi. Makampuni makubwa ya Ulaya yalileta magari, mafundi na fedha, lakini hayakuweza kuleta ujuzi wa udongo mweusi unavyobadilika baada ya mvua ya usiku mmoja. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumika. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Bert Shankland wa Dar es Salaam, fundi aliyetoka Scotland akafanya maskani Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell. Ni wanafunzi wangapi wa Tanzania leo wanaojua kwamba nchi yao imewahi kutoa washindi hao?

Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland alikuwa mgeni wa kwanza kuvunja mwiko huo. Lakini wenyeji hawakukata tamaa. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya wakati Waasia walipofukuzwa na Idi Amin, alishinda mwaka 1973, kisha mara nne mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Kwa jumla alishinda mara tano. Katika miaka ya 1990 Ian Duncan alishinda mwaka 1994, na Patrick Njiru, katika Subaru, aliwathibitishia vijana wa Kiafrika kwamba usukani hauna rangi.

Katika miaka ya 1970 njia ya mashindano ilibaki Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikavunjika. Baada ya 2002 mashindano yakaondolewa katika ubingwa wa dunia. Yaliporudi mwaka 2021, makao yakiwa Naivasha, yalikuwa mengine kabisa. Zamani dereva alisafiri yapata kilometa 5,000. Sasa mwendo wa kushindania muda ulikuwa kadiri ya kilometa 320. Mashindano yote matano tangu 2021 hadi 2025 ushindi ulichukuliwa na madereva wa Ulaya, wote katika magari ya Toyota.

Wako watakaosema kwamba huo ni mchezo wa matajiri, na kwamba nchi yenye upungufu wa madawati haina haja nao. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kubezwa. Lakini anayeitoa asisahau kwamba gari likiharibika porini hulitengeneza fundi, na fundi hutoka shuleni au karakanani. Swali la msingi si nani alichukua kikombe, bali ni ujuzi gani uliobaki nchini baada ya vumbi kutulia. Ikiwa wageni huja na mafundi wao, vipuri vyao na mahema yao, kisha wakaondoka navyo vyote, mwenyeji amebakiwa na alama za matairi tu.

Kwa hiyo viongozi wa serikali wanaotoa vibali na kufunga barabara hawana budi kudai kwamba vijana wa vyuo vya ufundi wapewe nafasi katika karakana hizo, si kando ya njia. Na walimu waifundishe historia hii bila kuficha chanzo chake wala kuwasahau mabingwa wake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini asiyefundishwa kucheza, hata akiwa kwao, atabaki mtazamaji.